Kompyuta haikufa, maneno ndiyo yaliyopotea

Jioni ile klabu ya sinema ya fakulte yetu ilionyesha Félicité, filamu ya Alain Gomis ya mwaka 2017 iliyopigwa Kinshasa. Tuliichagua kwa sababu ya lugha. Watu wake wanasema Kilingala na Kifaransa kama wanavyosema kweli mjini, na mwalimu wetu wa isimujamii alitaka tuandike ni wapi mtu anatoka katika lugha moja na kuingia katika nyingine. Filamu ikaanza. Muziki wa Kasai Allstars ukajaza chumba, magari yakapita, watu wakacheka kwa mbali. Lakini kila mhusika alipofungua kinywa hatukusikia neno. Midomo ilicheza tu. Baada ya dakika kumi mwenzetu mmoja akasema pengine filamu imetengenezwa hivyo kwa makusudi, na wawili watatu wakaanza kuliandika jambo hilo katika daftari zao.

Siku ya pili kamati ya klabu ikakaa. Uamuzi ulikuwa karibu kupita: kompyuta hii ya Linux imekufa, iwekwe kando, kila mwanafunzi achange, tununue nyingine yenye mfumo ambao kila mtu anaujua. Mimi nilipinga, na ninapinga hadi leo. Kompyuta ile haikuwa na ugonjwa wowote. Kilichokosekana ni maelezo sahihi ya tatizo, katika lugha ambayo sisi sote tunaisema. Kama fakulte ya lugha haiwezi kueleza ni kitu gani hakisikiki, hata mashine mpya itatushinda, tena kwa fedha nyingi zaidi.

Nianze na kilichotokea jioni ile. Kompyuta yetu ni ya mezani, ya zamani, ina mfumo wa Debian na programu ya Kodi ya kuonyeshea filamu. Waya wa HDMI unatoka kwake na kuingia katika ampli. Kutoka ampli, picha inakwenda kwenye projekta na sauti inakwenda kwenye bafle. Ampli hiyo tulipewa na mtu aliyesoma hapa zamani. Nyumbani kwake ilikuwa na bafle tano na moja kubwa ya besi. Kwetu sisi zilikuwepo mbili tu, za mbele.

Sauti ya filamu nyingi za siku hizi imegawanywa katika njia sita: kushoto mbele, kulia mbele, katikati, mbili za pembeni nyuma, na ya besi. Ndiyo maana ya ile namba 5.1. Watengenezaji wa filamu huweka mazungumzo karibu yote katika njia ya katikati, ili maneno yaonekane yanatoka kwenye skrini. Sasa ampli yetu ilikuwa bado inakumbuka nyumba yake ya kwanza. Iliamini kwamba ina bafle ya katikati, ikayapeleka maneno yote huko, na huko hapakuwa na kitu. Muziki na kelele za mtaa zilitoka kushoto na kulia kama kawaida.

Dawa ilikuwa ya dakika mbili. Ama unaingia katika menyu ya ampli na kuiambia kwamba bafle ya katikati haipo, ama unaingia katika mipangilio ya Kodi, unazima upitishaji wa sauti na kuchagua 2.0, ili kompyuta yenyewe ichanganye njia sita ziwe mbili. Tulifanya la pili, na Félicité akaanza kusema.

Kwa hiyo swali langu haliko kwenye mashine. Katika kikao chote cha kamati sentensi iliyorudiwa ni moja: "Sauti haitoki." Sentensi hiyo ilikuwa ya uongo. Sauti ilitoka, tena kwa nguvu. Mtu angesema, "Muziki unasikika, maneno hayasikiki," angekuwa amefika nusu ya njia, kwa sababu sentensi hiyo inaonyesha tofauti, na tofauti inaonyesha mahali pa kutafuta. Sisi tunafundishwa tangu mwaka wa kwanza kutenganisha jozi za maneno kwa sauti moja tu, kusikia pale ambapo kiimbo kinapanda na kugeuza maana katika lugha za nyumbani kwetu. Halafu tunakaa mbele ya mashine na kusema kama mtu ambaye hajawahi kusikiliza kitu kwa makini.

Naomba msomaji anivumilie nieleze njia ambayo sauti inapita, kwa kuwa bila kuijua hakuna wa kuuliza vizuri. Kwanza kuna faili la filamu. Pili kuna programu inayoonyesha filamu. Tatu kuna seva ya sauti, yaani programu inayogawa sauti kati ya wote wanaoihitaji: katika mashine za miaka ya nyuma ni PulseAudio, katika mpya ni PipeWire. Nne kuna ALSA, sehemu iliyo ndani ya kiini cha Linux, inayosema moja kwa moja na chombo. Tano kuna waya. Sita kuna ampli, na saba kuna bafle. Sauti inaweza kukatika katika hatua yoyote, na kwa masikio yako utaona ukimya ni ule ule. Kazi ya kutafuta tatizo ni kuuliza hatua kwa hatua: hapa imefika? Na hapa?

Wiki chache baadaye tulipata ukimya wa kweli. Umeme ulikwenda katikati ya filamu, ukarudi baada ya nusu saa, na tangu hapo hakuna hata muziki. Safari hii hatukuitisha kikao. Tuliandika amri ya aplay -l, ambayo inaorodhesha vyombo vya sauti ambavyo ALSA inaviona. Kompyuta yetu inasema Kifaransa, kwa hiyo ikajibu kwa carte na périphérique, kadi na chombo, kwa namba zinazoanza na sifuri. Njia ya HDMI ilikuwepo, chombo cha 3. Basi kiini kinaiona. Tukafungua faili moja dogo katika folda ya /proc/asound, ambalo jina lake linaanza na eld. Humo ampli inajitambulisha kwa kompyuta kupitia waya: jina langu ni hili, napokea njia ngapi, naelewa miundo gani ya sauti. Faili lilikuwa linaonyesha kwamba hakuna aliyejitambulisha.

Sababu ni jambo tunaloliishi kila siku. Umeme uliporudi, kompyuta iliwaka yenyewe wakati ampli bado imelala. Kompyuta ikauliza, "Nani yuko upande wa pili?" Hakuna aliyejibu. Ikaamua kwamba HDMI haina mtu, na seva ya sauti ikabaki na ile njia ambayo skrini inaiita Sortie factice, njia ya bandia, ambayo inapokea sauti na kuitupa. Tulichomoa waya wa HDMI na kuurudisha wakati ampli imewaka. Salamu ikapita, sauti ikarudi. Tangu siku hiyo tunawasha kwa mpangilio: ampli, projekta, kisha kompyuta. Vitabu vingi vya kompyuta vimeandikwa na watu ambao umeme wao haukatiki, ndiyo maana shauri hili halipewi nafasi ya kwanza. Kwetu sisi lingekuwa ukurasa wa kwanza.

Jambo la tatu ndilo lililoleta mabishano makubwa: sauti ya hali ya juu, ile inayoitwa HD. Hapa tatizo letu lilikuwa la maana ya maneno kabla ya kuwa la waya. Mwenzetu aliona kwenye skrini jina HDA Intel akafurahi: "HD ipo!" Lakini HDA ni jina la mfumo wa chipu za sauti ambao Intel iliutoa mwaka 2004 kuchukua nafasi ya ule wa AC'97. Jina hilo linabaki pale pale hata unaposikiliza sauti mbovu iliyorekodiwa kwa simu. HD ya watu wa sinema ni kitu kingine: ni miundo kama Dolby TrueHD na DTS-HD Master Audio, inayohifadhi sauti ya studio bila kupoteza kitu, na ambayo hupatikana hasa katika diski za Blu-ray. Neno moja, vitu viwili. Tungekuwa darasani la semantiki, kila mmoja wetu angeinua mkono.

Ukishatenganisha maana, maswali yanajipanga yenyewe. La kwanza: je, faili lenyewe lina sauti hiyo? Filamu nyingi tunazopeana kwa flashi zimebanwa, zina njia mbili tu. Hakuna mpangilio wa Linux utakaozalisha kitu ambacho faili halina. La pili: waya unaweza kuibeba? Waya wa macho, ule wenye mwanga mwekundu, haubebi TrueHD wala DTS-HD Master Audio. DTS-HD Master Audio inaweza kufika megabiti 24.5 kwa sekunde, na njia ile ilitengenezwa kwa kiasi kidogo sana kuliko hapo. HDMI inaibeba tangu toleo la 1.3 la mwaka 2006. La tatu: ampli inaielewa? Jibu liko katika lile faili la eld: kama TrueHD haimo katika orodha, usiulize tena.

La nne ni gumu kidogo. Sauti ya namna hii inaweza kusafiri kwa namna mbili. Ama kompyuta inaifungua na kuipeleka ikiwa imeshafunguliwa, ama inaipitisha ikiwa imefungwa na ampli ndiyo inayoifungua. Ile ya kwanza ni kazi ya mkalimani. Ya pili ni ya mtu anayebeba barua iliyofungwa. Ukichagua upitishaji, hakuna anayeruhusiwa kuigusa barua njiani: seva ya sauti haitakiwi kuongeza mlio wa taarifa wala kupunguza nguvu ya sauti. Ndiyo maana wengi hushauri Kodi isemezane na ALSA moja kwa moja, bila seva katikati. Na kama upande wa pili haujui kwamba ni barua iliyofungwa, ukaichukua kama sauti ya kawaida, utasikia kelele kali kama mvua juu ya mabati, inayoweza kuumiza bafle na masikio. Kwa hiyo jaribu kwanza sauti ikiwa chini kabisa.

Sasa nifike kwenye hoja ambazo wenzangu na baadhi ya walimu walinirudishia.

Hoja ya kwanza: hii ni kazi ya Papa fundi, sisi ni watu wa barua. Ninamheshimu Papa fundi, yeye ndiye aliyenionyesha alsamixer na zile herufi mbili MM zinazomaanisha kwamba njia imefungwa mdomo, na kwamba ukibonyeza M inafunguka. Lakini hata yeye anategemea kile tunachomwambia. Ukimwita kwa "sauti haitoki" atapoteza jioni nzima. Ukimwita kwa "muziki unasikika, maneno hayasikiki, bafle ni mbili" atakujibu kwa simu.

Hoja ya pili: maelezo yote yapo tayari kwa Kiingereza, na mengine kwa Kifaransa, mwanafunzi ajifunze lugha hizo. Kweli yapo, na mimi ndiyo niliyoyasoma. Lakini angalia ukarabati wetu mmoja ulipita katika lugha ngapi: skrini ilisema Kifaransa, maelezo yalikuwa ya Kiingereza, na sisi tuliokuwa tumeshika waya gizani tulisema Kiswahili. Kila mpaka ulikuwa na makosa yake. Mmoja alisoma muet akadhani ni jina la kampuni. Kazi ya kuvusha maana mpakani ndiyo tunayosomea hapa. Ni nani mwingine tunayemngojea aifanye?

Hoja ya tatu ilitoka kwa mwalimu ninayempenda sana. Alisema kwamba maandishi ya namna hii hayana uzito wa kutosha kuwa kazi ya kumaliza masomo. Mwanafunzi atafsiri riwaya, au hadithi za wazee. Naomba radhi, mwalimu wangu, hapa sikubali. Tulijaribu. Mimi na wenzangu wawili tuliandika karatasi moja ya Kiswahili yenye hatua saba, tukamwita mwanafunzi wa mwaka wa kwanza ambaye hajawahi kugusa kompyuta ile, tukachomoa waya kwa siri na kumwacha na karatasi. Hatua ya pili ilisema: "Chagua tokeo la HDMI." Alisimama pale. Kwake "tokeo" ni umoja wa matokeo, na matokeo ni yale yanayobandikwa ukutani baada ya mitihani. Tuliandika upya: "Chagua njia ya kutolea sauti." Hatua ya nne ilikuwa na neno "sinki", tulilolitoa katika Kiingereza cha PulseAudio. Alicheka, akauliza vyombo vya jikoni vinaingiaje hapa. Tukaweka "kipokezi". Mara ya tatu alifika mwisho peke yake, na muziki ukalia.

Sijawahi kupata somo la tafsiri gumu kama lile. Ukitafsiri riwaya vibaya, msomaji ataona ukurasa hauna ladha na ataendelea. Ukitafsiri maagizo vibaya, chumba kinabaki kimya na watu wazima thelathini wanakutazama. Hapo hapana mahali pa kujificha nyuma ya mtindo. Riwaya na hadithi za wazee zibaki, hakuna anayezipinga. Ninachosema ni kwamba maagizo nayo yanastahili kiti mezani.

Nakubali jambo moja upande wa pili. Kwa kazi nyingi za fakulte yetu hatuhitaji njia sita wala nane. Bibi anayesimulia hadithi mbele ya kinasa sauti kimoja anatosha kwa njia moja iliyo safi, na atakayetumia wiki nzima kutafuta TrueHD kwa ajili yake anapoteza wakati. Sauti ya hali ya juu kwetu ianze na swali dogo: maneno yanasikika? Yakisikika, ndipo tuongeze bafle.

Basi napendekeza mambo matatu. Kwanza, kamati isichangishe hata franka moja kwa ajili ya kompyuta mpya kabla karatasi ile ya hatua saba haijafuatwa hadi mwisho, na hatua iliyoshindikana iandikwe. Pili, somo la tafsiri lipokee maandishi ya maagizo kama kazi ya mwaka, kwa sharti moja: yajaribiwe na mtu asiyejua, mbele ya mwalimu, na alama zitoke hapo.

Tatu ni jambo dogo ambalo tunaweza kulianza wiki hii. Linux ina amri ya speaker-test inayopima bafle moja baada ya nyingine. Ukiitumia na chaguo la wav, sauti ya mtu inatamka jina la kila bafle: mbele kushoto, mbele kulia, katikati. Inatamka kwa Kiingereza. Sauti hizo ni mafaili madogo ya kawaida katika folda ya /usr/share/sounds/alsa, ya njia moja, kilohezi 48, na amri hiyo inakubali kuelekezwa kwenye folda nyingine. Tuna chumba cha fonetiki, tuna kipaza sauti, tuna watu wenye matamshi mazuri. Turekodi majina hayo kwa Kiswahili. Kabla ya kila filamu mashine itataja bafle zake, na asiyesikia "katikati" atajua mara moja kwamba jioni hiyo maneno hayatafika.

Karatasi yenyewe imebandikwa kwenye mlango wa chumba cha klabu, na penseli inaning'inia kwa uzi pembeni yake. Utakayeona neno baya, likate na uandike lako.